Alhamisi Isiyo na Theluji

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu aliyekuwa akijaza mafuta hatua tano kutoka pale tuliposimama hakuisikia. Mimi niliisikia kwa sababu ilipita mkononi mwangu kabla ya kufika sikioni. Kisha Saimi akanyamaza. Alikuwa akilia tangu mimi na baba yake tulipoanza kupigiana kelele, na ghafla akanyamaza, akautazama mkono wake wa kushoto ulivyoning'inia, akamtazama Wendell, akanitazama mimi. Ndipo alipopiga yowe lililomfikia mwenye kituo cha mafuta ndani, nyuma ya kioo, na redio yake imewashwa.

Alikuwa na miaka mitatu na miezi tisa.

Tulikuwa tumeachana mwaka mmoja uliopita, na makubaliano yalikuwa hivi: mtoto anaishi nami, na kila baada ya wiki mbili anakwenda kwa baba yake Ijumaa, anarudishwa Jumapili saa kumi jioni, pale kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa hatukutaka tena kuoneshana milango ya nyumba zetu. Jumapili ile nilichelewa dakika arobaini. Theluji ilikuwa imeanguka tangu Ijumaa bila kupumzika, na mimi nilikuwa dereva wa lori la wilaya la kusukuma theluji, barabara ya kaskazini yote hadi ziwani. Wendell Maki alikuwa mtu wa saa. Nilimkuta amesimama nje ya gari lake, amekunja mkono wa koti ili saa ionekane.

"Saa kumi ni saa kumi, Irja."

"Barabara hazijisafishi zenyewe, Wendell."

"Basi kaolewe nazo. Leo mtoto harudi kwako. Nampeleka kwa mama yangu mpaka utakapojifunza kusoma saa."

Akageuka amrudishe Saimi kwenye kiti chake. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa bado ndani ya gari na mwingine nje, juu ya barafu. Nikaudaka mkono wake wa kushoto. Wendell alikuwa ameshika wa kulia. Hivyo ndivyo nilivyomweleza polisi, na hivyo ndivyo Wendell alivyomweleza: kila mmoja wetu alishika mkono mmoja, tukavuta. Polisi akaandika. Hapakuwa na neno la uongo katika maelezo hayo.

Hospitalini daktari alikishika kiwiko kilichoteguka, akauzungusha mkono kidogo, akaukunja, na kiwiko kikarudi mahali pake. Haikuchukua nusu dakika. Saimi akafuta machozi akauliza kama pana biskuti. Daktari akampa biskuti, akatoka nje, akapiga simu mahali ambapo sheria inamtaka apige. Simlaumu. Hata wakati ule sikumlaumu. Nilikuwa na watu wengi wengine wa kuwalaumu, na yeye foleni haikumfikia.

Jaji aliyetusikiliza alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Kessler, miwani yake imefungwa kwa mnyororo shingoni. Alisoma karatasi zetu hadi mwisho kabla ya kuinua uso.

"Ninyi si watu wabaya," alisema. "Watu wabaya nawafahamu, huwa nawaona asubuhi kabla sijanywa kahawa. Ninyi ni watu wawili mnaompenda mtoto mmoja na mkasahau kwamba mtoto huyo ana mifupa."

Akaamuru kila mmoja wetu ahudhurie darasa la wazazi, masomo manane, mara moja kwa wiki. Wendell Jumanne, mimi Alhamisi, tusikutane. Ukikosa somo moja, unasamehewa. Ukikosa mawili, umefutwa, unaanza upya na darasa jingine, na darasa jingine halingeanza hadi Septemba. Shauri letu lingetajwa tena siku ya tatu ya Aprili.

"Atakayekuja hapa bila cheti," alisema, "nitachukulia kwamba amekwisha kunijibu."

"Mheshimiwa Jaji, mimi kazi yangu ni theluji."

"Najua, mama. Barabara unayoisafisha ndiyo ninayopita, na ninakushukuru. Alhamisi, saa kumi na mbili jioni."

Nilitoka pale nimekasirika. Mama yangu alilea watoto sita katika nyumba yenye jiko moja la kuni, na karatasi pekee aliyowahi kupewa na serikali ilikuwa cheti cha kifo cha baba yangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nilijisemea. Leo nikafundishwe na nani?

Nilifundishwa na Mwalimu Tregear, katika maktaba ya shule ya msingi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mafua yasiyokwisha, anayemung'unya peremende za koo kuanzia mwanzo wa somo hadi mwisho. Alisoma kutoka kwenye jalada la bluu kwa sauti ya mtu asomaye ratiba ya treni. Viti vilikuwa vya watoto. Tulikaa watu wazima tisa, magoti yamekaribia videvu, makoti yetu yakitoa mvuke, tukizungukwa na picha za wanyama waliovaa suruali.

Jirani yangu alikuwa mkata magogo, jitu lenye ndevu nyekundu liitwalo Dewey Rautio. Siku ya kwanza alinisogezea kiti kwa mguu.

"Kaa hapa, dada. Hicho kingine kimelegea mguu, kimeshamwangusha padri mmoja."

"Padri? Na yeye ana mtoto?"

"Ndiyo maana kikamwangusha."

Mwalimu alipotutaka tujitambulishe, kila mtu alisema jina lake na idadi ya watoto. Dewey akasema, "Mimi nimelea mbwa saba, na hakuna hata mmoja aliyenifikisha mahakamani. Nimepata mtoto mmoja, miezi minane, hata kuongea hajaanza, tayari amenishtaki." Watu wakacheka. Mwalimu Tregear naye alicheka, kisha akakohoa, kisha akaendelea kusoma.

Ningependa kusema kwamba masomo yale hayakuwa na maana. Kwa miaka kadhaa nilisema hivyo, kila nilipoulizwa. Lakini somo la pili liliitwa Mtoto Si Tarishi, na Jumapili iliyofuata, nikiwa namvua Saimi viatu, nilijikuta nikianza, "Mwambie baba yako kwamba..." nikakatisha. Saimi alikuwa ameinua uso akingoja amwambie nini. Nikamwambia amtakie baba yake usiku mwema. Akakubali kwa kichwa, na nikaona jinsi alivyoanza kuyabeba maneno hayo kwa uangalifu, midomo ikienda bila sauti, ili yasimpotee kwa muda wa wiki mbili nzima.

Somo la tatu nililikosa kwa halali. Theluji ya magotini, upepo kutoka ziwani, gari la wagonjwa likinifuata nyuma likitegemea njia yangu. Nilimpigia Mwalimu kwa simu ya karakana.

"Hiyo ndiyo ile moja yako, Irja," alisema. "Nyingine sina."

La nne nilihudhuria. La tano pia. Mwishoni mwa somo la tano Mwalimu Tregear alifunga jalada lake mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamenya peremende.

"Wiki ijayo hakuna kusoma. Kila mmoja wenu ataandika barua, na ataisoma hapa mbele yetu. Barua hiyo si yako. Ni ya mtoto wako. Anaeleza siku ile iliyokuleta hapa, jinsi alivyoiona yeye, kwa maneno yake yeye. Si insha. Sitasahihisha herufi."

"Wangu hajui kuandika, Mwalimu," Dewey alisema. "Hajui hata kutembea."

"Basi barua yako itakuwa fupi, Dewey."

Wiki ile nilikaa mezani jikoni mara tatu na karatasi mbele yangu. Mara ya kwanza niliandika "Mama yangu" nikaamka kwenda kuongeza kuni. Mara ya pili niliandika maneno yale yale. Mara ya tatu sikuandika kitu.

Kwa sababu mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa na polisi. Ni kweli kila mmoja alishika mkono mmoja. Ni kweli tulivuta. Lakini Wendell aliachia. Niliona uso wake ulipobadilika: alimtazama mtoto, akaona jambo fulani, na vidole vyake vikafunguka. Pengine ilikuwa sekunde mbili kabla ya ile sauti, pengine tatu. Mimi nilikuwa nimeshinda, na sikuacha kuvuta. Nilivuta kwa nguvu ile ile niliyokuwa nikimvutia mtu mzima wa upande wa pili ambaye hakuwapo tena, na uzito wote wa mtoto ukaja juu ya kifundo kile kimoja nilichokishika, akazunguka hewani kama kapu.

Katika karatasi zote tuliandikwa pamoja: wazazi walivuta. Wendell hakusema. Mimi sikusema. Shahidi wa tatu alikuwa na miaka mitatu, na hakuna aliyemuuliza. Sasa mwanamke mwenye mafua alikuwa ananiambia nimuulize.

Alhamisi ya somo la sita hapakuwa na theluji. Anga ilikuwa safi, baridi kali, kila bomba la moshi likitoa uzi wake umenyooka juu. Nilifika shuleni kabla ya wakati. Nilizima injini nikakaa. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye maneno mawili.

Dirisha la maktaba lilikuwa linatazama maegesho, na taa za ndani zilikuwa zimewashwa, kwa hiyo niliwaona wote. Wa kwanza kusimama alikuwa Dewey. Karatasi ilionekana ndogo kama tiketi katika kiganja chake. Alisoma, na sikuweza kusikia, ila niliona alipofika mahali fulani akasimama, akarudia, akasimama tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Jitu lile, lenye mzaha kwa kila jambo, lilisimama katikati ya viti vile vidogo likilia mdomo wazi mbele ya watu, na hakuna aliyeinuka. Mwalimu Tregear hakumgusa. Alisogeza tu boksi la karatasi laini kwa kidole kimoja, mpaka likafika ukingo wa meza upande wake.

Nikawasha injini.

Nilikwenda karakana. Nikafungulia maji ya moto nikaosha lori ambalo halikuwa chafu, magurudumu, vioo, bapa la chuma la mbele, kila kitu. Kisha nikafungua daftari la zamu, kama nilivyokuwa nimefanya kila siku kwa miaka tisa, nikaandika: Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Hakuna theluji. Nimeosha lori. Nikatia sahihi. Mazoea ni kitu cha ajabu. Mtu anaweza kuukimbia ukweli mkubwa jioni moja, na jioni hiyo hiyo akauandika ule mdogo kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi Mwalimu Tregear alinipigia.

"Tulikungoja, Irja."

"Nilikuwa kazini."

"Kazini." Nilisikia peremende ikigonga meno. "Sikiliza. Kwa mtu aliyeitwa kazini ghafla ninaweza kuiomba mahakama ikupe somo moja la kufidia. Nimeshawahi kufanya hivyo. Kulikuwa na theluji?"

Nyumba yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka kwangu. Anga aliyoiona ilikuwa ile ile niliyoiona mimi.

"Kulikuwa na theluji," nikasema. "Upande wa kaskazini."

Peremende ikagonga meno tena, polepole. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Leo nadhani hivyo; siku ile niliona ananitega.

"Kama ni ile barua," alisema, "unaweza kuja bila barua. Kaa tu. Wapo waliokaa tu."

"Nimekwambia ni theluji, Mwalimu."

"Haya. Nitaandika ulichoniambia."

Siku ya tatu ya Aprili Wendell alikuja na cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki. Wakili wangu, Bi. Fenske wa msaada wa kisheria, alikuwa mwanamke mwenye kesi nyingi na usingizi kidogo. Aliposikia kwamba kukosa kwangu kulitokana na kazi alifurahi, akaomba daftari la zamu kutoka karakana bila hata kunitaarifu, akaja nalo mahakamani kama mtu aliyebeba ngao. Nililiona juu ya meza yake wakati jaji ameshaingia. Nikamshika kiwiko.

"Usilitoe hilo."

"Hili ndilo litakalokuokoa, Bi. Heikkinen."

"Usilitoe, nakuomba."

Lakini alikuwa ameshalitaja katika maombi yake ya maandishi, na Jaji Kessler alikuwa ameshanyoosha mkono. Alivaa miwani. Akafungua ukurasa uliowekwa alama, wa somo la tatu, akakubali kwa kichwa. Akageuza kurasa hadi somo la sita. Alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, sentensi zangu tatu fupi.

Hakuna aliyecheka. Bi. Fenske aliweka kalamu chini.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ulikuwa na sababu nyingine ya kutokwenda? Niambie yoyote. Nina nafasi ya kuisikia."

Nilimtazama Wendell. Alikuwa anaitazama meza. Angeweza kusema wakati ule. Neno moja tu, na mimi ningekuwa mama aliyemtegua mtoto kiwiko na kisha akadanganya. Aliinyoosha ile bahasha ya plastiki kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Sina, Mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. "Sikuadhibu kwa kukosa somo," alisema. "Watu hukosa. Ninaangalia kwamba nilikuomba jioni nane kwa ajili ya mtoto huyu, na ile moja iliyokuwa ngumu, ulichagua kuosha gari. Sijui jioni hiyo ilikuwa na nini. Wewe unajua."

Saimi akahamishiwa kwa baba yake. Mimi ningemwona saa mbili, Jumamosi moja ndiyo moja siyo, katika chumba cha wilaya, mbele ya msimamizi, hadi nitakapomaliza darasa upya.

Chumba kilikuwa na jiko la plastiki na sahani za plastiki, na msimamizi alikaa pembeni akiandika. Saimi alinipikia mayai ya plastiki. Nilikula. Nilimsifu. Nilijua kila ninachosema kinaandikwa, kwa hiyo nilisema kama mtu anayesema kwa ajili ya karatasi, na watoto hulisikia hilo. Kufikia Juni alikuwa amejifunza kuitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulipokaribia juu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukusanya sahani na kusema, "Muda umekwisha," kwa sauti ya yule msimamizi, bila huzuni yoyote.

Julai Wendell alipata kazi kwenye karakana ya reli kule Duluth, mwendo wa saa nne kwa gari, katika jimbo jingine. Aliomba ruhusa ya kuhama na mtoto. Nilikuwa na haki ya kupinga. Nilimuuliza Bi. Fenske tutapingaje.

"Kupinga tunaweza," alisema. Alikuwa amechoka, na hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Niambie tu tutapinga kwa kutumia nini."

Wakahama Agosti, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa.

Septemba nilirudi kwenye viti vile vidogo. Nilikuta watu wapya saba, jalada lile lile la bluu, mafua yale yale. Mwalimu Tregear alinikaribisha kama asiyenifahamu, na nikaushukuru wema huo. Nilihudhuria la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Mwaka ule theluji ilianza mapema, na katikati ya Oktoba nilimwomba mkuu wa karakana anipangie mtu wa kunishikia zamu kila Alhamisi. Alikubali papo hapo. Alisema nilipaswa kumwomba tangu Januari. Ni kweli, sikuwa nimemwomba.

Somo la sita nilisoma barua.

"Mama na baba walikuwa wanapiga kelele. Miguu yangu ilikuwa na baridi. Baba alinishika, halafu akaniachia. Mama hakuniachia. Mama alivuta. Mkono ukaniuma. Mama alikuwa ananitazama lakini nadhani alikuwa hanioni."

Nikakaa. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Mwalimu Tregear akasema, "Ahsante, Irja." Kisha akamtaja mtu mwingine, na mwanamume mmoja mwenye koti la mvua akasimama, akakunjua karatasi yake. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba siku nikiyasema maneno yale dunia ingepasuka. Ikawa tu zamu ya mtu mwingine.

Cheti nilikipata Novemba. Ni karatasi nyembamba, na jina langu wamelikosea herufi moja. Jioni ile nilimpigia Wendell.

"Nimemaliza," nikasema.

"Vizuri."

"Kuna jambo nililiandika kule. Kuhusu kituo cha mafuta. Wewe ulikuwa umeachia."

Nilisikia akivuta kiti, akikaa. Nyuma yake Saimi alikuwa anaimba wimbo wa shule, wimbo nisioujua.

"Najua, Irja. Nilikuwepo."

"Mbona hukusema? Kule kwa jaji?"

Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na zamani jambo hilo lilinikera kuliko hata saa yake.

"Nilishaachia," alisema. "Kusema ingekuwa kuanza kuvuta tena." Kisha, kwa kuwa Wendell hakuwa mtakatifu na hakupenda mtu amdhanie hivyo, akaongeza: "Na kusema kweli, nilijua utajiangusha mwenyewe. Sikuhitaji kukusukuma."

Hatukugombana. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kama mitatu kwamba tumeongea na mmoja wetu akakata simu kwa sababu mazungumzo yameisha.

Jaji Kessler aliniondolea msimamizi. Lakini mtoto alikuwa ameshaanza shule, ana rafiki aitwaye Birgit, ana daktari wa meno, ana kitanda alichokichagua mwenyewe, na hakuna jaji anayemng'oa mtoto mahali alipotia mizizi ili kumpa mtu hongera. Nilipewa wiki sita za kiangazi na Krismasi moja ndiyo moja siyo. Saimi hakurudi tena kuishi kwangu. Watu huniuliza iwapo nilinyang'anywa mtoto. Hapana. Nilipewa jioni nane, na nikajichagulia ipi ya kuikosa.

Viangazi vile vya mwanzo alikuja kama anavyokuja mgeni mwenye adabu. Alikunywa maziwa yote yaliyokuwemo katika glasi. Alisimama mbele ya friji na kusema, "Naomba kufungua friji?"

"Hapa ni kwenu, Saimi. Huombi ruhusa."

"Sawa." Akangoja kidogo. "Basi naomba kufungua friji?"

Nilikuwa nimemnunulia kabati la droo nne, nikalipaka rangi ya njano, nikalifuta ndani kwa kitambaa cha sabuni. Siku aliyofika nilimwonesha. Alisema ni zuri. Lakini nguo zake alizitoa begini asubuhi na kuzirudisha begini jioni, zimekunjwa, zipu imefungwa hadi mwisho, na begi likakaa karibu na mlango wiki zote sita. Nililiacha hapo. Kwenye darasa lile hakukuwa na somo kuhusu begi, lakini nilikwishajifunza kwamba mkono wangu nikiunyoosha haraka hauna kipimo. Kiangazi alichokuwa na miaka saba kikapita hivyo, cha minane, cha tisa, cha kumi.

Alipokuwa na miaka kumi na moja alikuja amerefuka, nywele kazikata mwenyewe vibaya, na neno "sitaki" limo mdomoni mwake, neno ambalo hakuwahi kunipa. Tuligombana kuhusu kuogelea ziwani peke yake. Alibamiza mlango. Mwezi ule nilikuwa mtu mwenye furaha sana, na sikumwambia yeyote.

Asubuhi moja katikati ya Julai alitoka mapema kwenda kuchuma matunda na watoto wa jirani, akaacha taulo lililolowa juu ya kitanda. Niliingia kulichukua. Begi halikuwa mlangoni. Nililitafuta kwa macho, nikaliona limesukumwa chini ya kitanda, bapa, halina kitu. Kwenye kabati, droo ya pili haikuwa imefungwa vizuri. Soksi moja ya mistari ilikuwa imebanwa, nusu ndani, nusu nje.

Sikuigusa. Nilichukua taulo nikaenda kulianika.